Visanduku Vyeupe Arobaini na Kimoja

Jumatatu, 4 Machi

Nimepewa! Kamati ya sherehe ya Shangazi imenikabidhi kitabu mimi. Mimi, si shemeji. Shemeji ni mume wa dada yangu, anaendesha mtambo kwenye kiwanda cha kuchapa vitabu, na kila aliyekuwa kikaoni alijua kazi itakwenda kwake. Mwenyekiti alipouliza nani anaweza kupanga kurasa, shemeji akaanza kukohoa. Nikainua mkono kabla kikohozi hakijaisha. Nikasema programu ya kupanga kurasa naijua nje ndani. Mke wangu, aliyekaa nyuma yangu, akaguna.

Ni kweli nimeiingiza kwenye kompyuta jana tu. Lakini imeingia yote.

Kazi yenyewe ni hii. Shangazi alikuwa mkunga kwa miaka arobaini na miwili. Kila mtoto aliyempokea alimwandika kwenye daftari: namba, tarehe, jina, uzito, na mwishoni neno lake mwenyewe kuhusu mtoto huyo. Watoto 1,187. Nusu ya mtaa imo mle. Jumamosi ya tarehe 16 anatimiza miaka themanini, na daftari litakuwa kitabu. Macho yake yana ukungu sasa, hawezi tena kusoma mwandiko wake. Anataka kitu kimoja tu: asomewe kitabu chake mbele ya watoto wake wote, akiwa hai na masikio yakiwa bado yanafanya kazi.

Mwenyekiti ameniahidi kwamba nikimaliza vizuri nitakaa meza kuu. Meza kuu! Yenye kitambaa, na kila mtu na chupa yake ya maji. Miaka yote mimi nakaa karibu na spika.

Jumanne, 5 Machi

Nimeanza. Maandishi yenyewe mke wangu alishayachapa mwezi uliopita. Yeye ni karani wa shule, vidole vyake havijui kuchoka. Kazi yangu ni kuyapanga yakae kwenye safu. Programu ina jedwali lake, lakini ukilifungua linaanza kuuliza maswali. Safu ngapi? Mistari mingapi? Upana gani? Sina muda wa mahojiano. Nimetumia kitufe cha nafasi. Mara tisa baada ya tarehe, mara kumi na nne baada ya jina, mara sita kabla ya neno la Shangazi. Inapendeza ajabu. Kidole gumba kimevimba.

Mke wangu amepita na beseni la nguo, akasimama, akatazama, akauliza kwa nini sitengenezi jedwali kama watu wengine. Nimemwambia kila fundi ana mkono wake. Akasema sawa, ila mkono wa fundi huyu umeshaanza kuvimba.

Saa tisa alasiri nimefika namba 613. Ni mimi.

Nilikuwa sijawahi kuona mstari wangu. Nimeusoma mara tatu. "Mvulana. Kilo 2.6. Alitoa kichwa, akatazama, akataka kurudi. Huyu kila kazi ataianza, na kila nyumba atatafuta mlango wa nyuma."

Shangazi! Ndugu wa baba yangu! Na zinachapwa nakala mia tatu!

Nimejituliza kwa kutafuta wengine. Mwenyekiti ni namba 88: "Mvulana. Kilo 4.3. Alinikojolea, kisha akakasirika yeye." Nimecheka mpaka nikajisikia mtu tena. Halafu nikamtafuta shemeji. Namba 540: "Mvulana. Kilo 3.1. Mtulivu. Alishika kidole changu asikiachie." Hapo kicheko kikakata.

Jumatano, 6 Machi

Mwenyekiti amekuja kukagua kazi. Skrini ilikuwa imefunguka penye namba 88. Haikufunguka yenyewe, lakini hilo naliandika hapa tu.

Amesoma. Akasafisha miwani, akasoma tena. Akasema kitabu ni kizuri, ila kuna wageni wa heshima wanakuja, na si kila neno la mkunga linafaa kusomwa mbele ya watu wazima na heshima zao. Akaagiza maneno ya Shangazi yaondolewe yote. Ibaki tarehe, jina na uzito. Nimebisha kwa dakika nzima ili nionekane nimebisha. Kisha nikakubali kwa moyo mkunjufu.

Nimeuliza kama Shangazi ataambiwa. Akasema Shangazi haoni, hakuna haja ya kumsumbua. Akanikumbusha meza kuu.

Mpango umekwenda kama maji mteremkoni! Nimekaa nifute. Nimefuta neno la namba 1, namba 2 ikapanda juu. Nimefuta la namba 2, ukurasa mzima ukateleza. Zile nafasi zangu zote, tisa, kumi na nne, sita, zikavurugika kama kuku walioona mwewe. Tarehe zikaingia kwenye majina, majina yakaingia kwenye kilo. Picha ya Shangazi na mizani yake ikaruka na kutua juu ya watoto wa mwaka mzima. Nikajaribu kurudisha. Programu ikasema haiwezi kurudi nyuma zaidi ya hapo. Mimi je? Nirudi wapi?

Nimefunga kompyuta bila kuaga.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeamka na jibu. Kwa nini nifute? Si nifunike!

Nachora kisanduku. Nakipaka rangi nyeupe. Nakiweka juu ya maneno ya upande wa kulia. Karatasi nyeupe, kisanduku cheupe: maneno yapo, na hayapo. Hakuna kinachohama, hakuna kinachoruka. Nimerudia nakala ya juzi iliyokuwa nzima nikaifunika kuanzia namba 1 hadi 1,187. Kurasa arobaini, visanduku arobaini. Juu ya namba 613 nimeongeza kimoja cha ziada. Tahadhari.

Mke wangu ameuliza kwa nini nusu ya kila ukurasa iko tupu. Nimemwambia ni nafasi ya msomaji kuandika kumbukumbu zake. Akauliza ni nani anayekumbuka siku aliyozaliwa. Nimejifanya sikusikia.

Akili hii ingekuwa ya shemeji, angeshautangazia mtaa mzima. Ingawa shemeji hajawahi kutangaza kitu. Ndicho kinachonikera.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekwenda kwa Shangazi na kurasa chache nilizotoa kwenye printa, ili baadaye nisilaumiwe kwamba sikumshirikisha. Amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Mizani yake ya zamani ipo juu ya kabati, daftari limefungwa kwenye taulo. Akaniambia nimsomee.

Nimesoma namba 7. Tarehe. Jina. Kilo 2.9. Nikanyamaza. Naye akanyamaza, anasubiri. Akauliza mbona simalizi. Nimesema huo ndio mwisho wa mstari. Akacheka, akamalizia mwenyewe kwa kichwa: huyo alizaliwa dari likivuja, akamkinga mvua kwa beseni. Akataka mwingine. Nikasoma 212. Akamalizia: huyo alitoka amekunja ngumi, na mpaka leo ni mgomvi. Tukaenda hivyo watoto watano. Wa sita akafungua mdomo, akakaa nao wazi. Akapapasa daftari ndani ya taulo kama litamnong'oneza.

"Huyu amenitoka," akasema. "Unaona? Ndiyo maana nataka kitabu. Tarehe na kilo hata mizani inajua. Yale maneno ya mwisho ndiyo mimi."

Nimeuliza kwa sauti ndogo kama mengine si makali kidogo. Akasema mficha uchi hazai, na yeye amewaona wote walivyokuja, hakuna aliyekuja na suti.

Nimeona aibu. Naandika ilivyokuwa: nimeona aibu njia nzima mpaka nyumbani. Nilipofika nikafungua kompyuta nivitoe visanduku vyote. Nikaanza na ukurasa wangu. Nikatoa cha kwanza, nikatoa cha pili, namba 613 ikanikodolea macho. Nikaisoma hadi ule mlango wa nyuma.

Nikavirudisha vyote viwili.

Jumamosi, 9 Machi

Siku ya kutoa faili la PDF na kulipeleka kiwandani. Nilidhani ni kubonyeza tu. Lo!

Faili la kwanza nimetuma saa mbili asubuhi. Saa tatu shemeji amepiga simu, na upole wake ule. Anasema herufi zangu zote kwake ni viboksi, safu kwa safu, kama dawa za vidonge. Anasema fonti niliyotumia haikusafiri na faili. Akaomba nimpe folda nzima, kurasa na picha na fonti, aangalie mwenyewe. Anafikiri mimi mtoto! Akifungua faili langu ataona nafasi zangu, ataona visanduku vyangu, na dada yangu ataambiwa mezani. Nimesema haiwezekani, ni siri ya kikazi. Akanielekeza pa kuweka tiki ili fonti iambatane na faili.

Faili la pili. Herufi safi! Lakini picha zimekuwa vivuli vya kijivu, Shangazi amekuwa ukungu na mizani yake ukungu. Nimegombana na programu saa nzima kabla sijakumbuka: jana nilibadilisha jina la folda. Ilikuwa "Picha", nikaiita "Picha za Mwisho Kabisa". Programu haichukui picha, inakumbuka tu zilikokaa, na sasa inabisha hodi nyumba ambayo watu wameshahama. Ingesema! Ilisema, kwa kweli, kwenye kidirisha cha njano nilichokuwa nakifunga kila mara bila kukisoma.

Faili la tatu limefika asilimia tisini na tisa likasimama. Nimelisubiri dakika arobaini. Nimeliomba. Nimelitukana. Mke wangu amenisikia, akauliza nazungumza na nani. Nimesema na shemeji.

Jumatatu, 11 Machi

Watoto kumi na saba wamepotea!

Shemeji ndiye aliyehesabu. Nani alimtuma ahesabu? Amesema kitabu kinaishia namba 1,170. Nikasema haiwezekani. Nimefungua ukurasa wa mwisho, kweli, 1,170, na pembeni ya fremu iliyobeba maandishi kuna alama ndogo nyekundu ya kujumlisha. Alama hiyo nimeiona wiki nzima. Nilidhani ni pambo. Kumbe maana yake maandishi yamezidi fremu, na yaliyozidi hayaonekani popote, yanasubiri mlangoni. Watoto kumi na saba wa mwisho wa Shangazi wamesubiri mlangoni tangu Jumanne!

Nimepunguza ukubwa wa herufi kurasa zote, kidogo tu, na mistari ikasogeleana mpaka wote wakaingia. Nimelazimika kuvuta kila kisanduku cheupe kifuate maneno yake. Arobaini, kisha na kile cha ziada. Mgongo hauna mwenyewe.

Kisha likaja la kurasa. Ninazo 46. Shemeji anasema mtambo unakunja karatasi kubwa, kwa hiyo idadi lazima igawanyike kwa nne. 44 au 48. Fursa hiyo! Kurasa mbili tupu, na mimi nina picha yangu nzuri niliyopiga mwaka juzi nikiwa na tai. Nimeandika "Kuhusu Mpangaji wa Kitabu Hiki", ukurasa na nusu. Mwenyekiti akapata habari. Amechukua ukurasa wa 47 kwa salamu zake na wa 48 kwa picha yake, naye ana tai pia. Mimi nimebaki na mstari mmoja nyuma ya jalada: "Kimepangwa na", halafu jina langu. Nimeukuza mpaka ukagusa kingo zote mbili.

Jumanne, 12 Machi

Shemeji tena. Sasa ni mambo mawili.

La kwanza, picha ya jalada inaishia sawasawa na ukingo wa karatasi. Anataka ivuke ukingo milimita tatu kila upande, ili kisu kikikata pasibaki mstari mweupe. Nimeivuta. Shangazi amenenepa kidogo, lakini ni siku yake, ale.

La pili lilinichosha. Kila mwaka una kichwa chake, herufi nyeusi juu ya utepe wa rangi ya waridi. Shemeji amenieleza taratibu kama anamfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Kawaida mtambo unaitoboa rangi ya chini na kuacha tundu lenye umbo la herufi, kisha nyeusi inaingia humo. Karatasi ikisogea unywele mmoja, panabaki ukingo mweupe kando ya herufi. Kwa hiyo kuna tiki ya kuweka, inayouambia wino mweusi uchapwe juu ya waridi bila kutoboa chochote. Akasisitiza: weka kwenye herufi nyeusi tu. Nyeusi tu. Akarudia mara ya tatu. Nikamwambia nimezaliwa na masikio mawili, akaulize kwa Shangazi.

Vichwa ni arobaini na viwili. Nichague kimoja kimoja? Nina kidole gumba kilichovimba na mgongo usio na mwenyewe. Nimebonyeza kuchagua vyote, herufi, utepe, visanduku, kila kilichomo, nikaweka tiki moja. Chap! Kwa nini kubaguana?

Nimetazama kwenye skrini kabla ya kutuma. Hakuna kilichobadilika hata nukta. Maneno hayaonekani. Nimetuma. Limepokelewa. Hakuna viboksi, hakuna vivuli, hakuna mtoto aliyepotea. Nimekunywa chai nikiwa nimesimama, kama mshindi.

Jumatano, 13 Machi

Nimeitwa kiwandani kukagua na kutia sahihi kabla hawajachapa. Kelele za mitambo, harufu ya wino, na shemeji ndani ya aproni yenye madoa, kila mtu anamsalimu. Ameniwekea mezani jalada na kurasa za ndani. Nimelitazama jalada. Jina langu! Limetoka kubwa, limenyooka, limegusa kingo zote. Nimelitazama kwa mkono kifuani. Shemeji akasema, za ndani hutazami? Nikasema jalada likiwa zuri, za ndani zinafuata. Nikatia sahihi.

Alitaka kusema kitu. Nikamkumbusha kwamba kazi ni yangu, na yeye aendeshe mtambo. Akafuta mikono kwa kitambaa.

Alhamisi, 14 Machi

Simu ya shemeji mara tatu. Sijapokea. Najua anachotaka, anataka nimwambie asante. Kisha akatuma ujumbe mrefu kama barua ya posa. Kwenye skrini umeonekana mstari wa kwanza tu: "Shemeji, mabamba ya kuchapia yako tayari." Basi inatosha. Nimejibu: "Chapa kama ilivyo. Usiguse hata nukta."

Akajibu kwa neno moja: sawa.

Hivyo ndivyo mtu anavyotakiwa kujibu. Nimepiga pasi suruali ya meza kuu.

Jumamosi, 16 Machi

Nitaandika polepole.

Ukumbi ulijaa. Shangazi ameketi mbele, amevaa nguo mpya, taulo lenye daftari magotini. Mimi meza kuu, chupa yangu ya maji mbele yangu. Shemeji akaingiza maboksi, vitabu vikagawiwa, watu wakaanza kutafuta namba zao. Mwenyekiti akatoa hotuba. Kisha mke wangu, mwenye sauti ya kusikika mpaka lango la shule, akaitwa asome watoto kumi wa kwanza.

Alifungua. Akasita. Akanitazama mimi juu ya kitabu, kwa namna ambayo sikuipenda. Akasoma.

"Namba moja. Msichana. Kilo tatu. Nilikuwa natetemeka kuliko mama yake, akalia yeye ili mimi ninyamaze."

Niliinamia nakala yangu. Yapo! Kurasa zote arobaini, upande wa kulia, wino mweusi, maneno yote 1,187! Visanduku vyangu havipo! Nimepindua kitabu, nimekigeuza chini juu, kama vimemwagikia pembeni. Nyuma ukumbini mtu akasoma namba 88 kwa sauti. Akacheka mmoja, wakacheka kumi, ukacheka ukumbi. Mwenyekiti akanigeukia, akaniuliza kwa meno yaliyofungwa hiki ni kitu gani. Nikainuka nikamfuata shemeji ukutani, nikamuuliza visanduku vyangu amevipeleka wapi.

"Shemeji, mtambo hauna wino mweupe," akasema. "Nyeupe yako ni karatasi tu. Nawe ulivitia tiki ile, visitoboe kitu. Basi vikapita kama havipo."

Akasema aliniambia. Nikatoa simu, nikausoma ujumbe wa Alhamisi wote, kwa mara ya kwanza. Mabamba yako tayari. Visanduku vyeupe havifuniki. Maneno ya Shangazi yote yanatokea, na yeye kwa maoni yake anaona yabaki, lakini kazi ni yangu. Achape kama ilivyo au asubiri? Na chini yake jibu langu, hata nukta.

Nilipogeuka, watu walikuwa wamesimama kwenye viti. Wanasomeana. Mama mmoja anamsomea mwanawe mwenye ndevu. Majirani wawili wagomvi wa duka la pembeni wanacheka pamoja. Wengine wamemzunguka Shangazi wanamtajia namba zao, na yeye uso umefunguka, anashika mikono, anasema ndiyo, ndiyo, huyo alikuja na kitovu shingoni, huyo nilimpiga akanipiga. Hata Mwenyekiti amevutwa mkono akapelekwa mbele yake. Shangazi akamshika shavu, akamuuliza kama bado ana hasira. Akashindwa kujizuia, akacheka, kilo zake zote zikatikisika.

Mtu mwingine angenyamaza. Mimi nimeona mlango, nikaingia. Nimechukua kipaza sauti, nikasema watu hawajui nilivyopigana kuyalinda maneno haya. Nilisema walikuwapo waliotaka yafutwe, sitawataja, nikamtazama mmoja. Nilisema nilikataa katakata. Wakapiga makofi! Shemeji naye akapiga, polepole.

Shangazi akainua mkono. Akaomba mpangaji asome namba yake mwenyewe.

Nimesoma. Tarehe. Jina. Kilo 2.6. "Alitoa kichwa, akatazama." Nikafunga kitabu, nikasema asanteni.

Mwenye ndevu akaanza, na mama yake, na wagomvi, na dada yangu, na mke wangu kwa sauti yake ya langoni, na ukumbi mzima, vitabu vikiwa wazi mikononi, ukanimalizia: akataka kurudi, huyu kila kazi ataianza, na kila nyumba atatafuta mlango wa nyuma. Watu mia tatu, kwa pamoja, kama darasa.

Shangazi hakucheka. Aliinamisha kichwa, amefumba macho, anasikiliza maneno yake yakitoka kwenye vinywa alivyovipokea mwenyewe vikilia. Yalipoisha akainua kichwa.

"Hapo sasa," akasema. "Ndicho chenyewe."

Nikarudi meza kuu. Kiti changu Mwenyekiti alikuwa amekiwekea maboksi matupu. Nimekaa karibu na spika.

Jumapili, 17 Machi

Watu wanataka nakala nyingine mia tatu. Asubuhi Mwenyekiti amekuja, na kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Anasema anakipenda kitabu, kila mtu anakipenda, ila kwenye toleo la pili namba 88 isionekane. Hiyo moja tu. Akataja meza kuu ya sherehe ya mwakani. Nimemwambia amekuja kwa mtu sahihi.

Shemeji ameomba tena folda nzima. Nimekataa tena. Nimejifunza mengi juma hili, simhitaji. Kosa lilikuwa rangi tu. Nyeupe si wino, yeye mwenyewe kasema. Nyeusi ni wino. Nimechora visanduku viwili vyeusi, kimoja cha 88 na kimoja cha 613, nikachagua vyote, nikaweka tiki. Vinaonekana kama madirisha mawili yaliyofungwa. Mke wangu ameuliza kama kuna aliyefariki.

Jambo la mwisho. Nimepitia shajara hii nikaona Ijumaa ya tarehe 8 niliandika kwamba niliona aibu. Haifai, mtu akija kusoma. Kuichana kungelegeza kurasa nyingine, kwa hiyo nimebandika karatasi nyeupe juu yake, safi, kingo zimekaa. Mke wangu ameichukua, akauinua ukurasa dirishani penye jua, akasoma maneno yote hadi mwisho, kwa sauti.

Kesho nitanunua karatasi nzito zaidi.